Mume Wangu Anauliza Alikuwa Analala na Mimi au na Dawa

Admin, nakuomba unifichie jina, maana huku kijijini kwetu Mamba wanaofuatilia ukurasa wako ni wengi na baadhi yao naimba nao kwaya. Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba. Nina ndoa ya kanisani ya miaka ishirini na minne na watoto watatu. Tunalima tangawizi huku milimani, na mume wangu ana shamba la mpunga kule chini Ndungu. Sijawahi kumsaliti, naye sijawahi kusikia habari zake mbaya. Nalisema hilo mapema kwa sababu najua ndilo mtakalolifikiria kwanza.

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa natokwa damu mfululizo, nikafanyiwa upasuaji, wakatoa kizazi na ovari zote mbili. Nilipona, nikarudi shambani, ila hamu yangu kwa mume wangu haikurudi. Nilikuwa nampenda vilevile, nampikia, tunacheka, lakini akinigusa tu natamani kusogea. Aliwahi kuniuliza kwa upole kama kuna kosa amenifanyia. Nikasema ni uchovu wa kulima. Baadaye akaacha kuuliza, akawa anaishi na mimi kwa adabu tu, kama mtu aliyekuja kutembea. Ile adabu yake iliniumiza kuliko angenigombeza.

Nikamdanganya kwamba naenda kumwona mdogo wangu aliyeko Moshi, kumbe nakwenda hospitali. Nilimweleza daktari, mwanamama wa makamo, huku natazama chini. Alinipima damu, akanieleza kwamba mwili wa mwanamke nao hutengeneza testosteroni, ile tunayoiita homoni ya kiume, kwa kiasi kidogo, na sehemu yake hutoka kwenye ovari ambazo mimi sina tena. Akaniandikia jeli ya kupaka pajani kila siku, kidogo sana, na akanipa tarehe ya kurudi kupima damu. "Usizidishe hata siku moja," aliniambia. "Ukizidisha mwili unabadilika, na kuna mabadiliko hayarudi." Akanisihi pia nimweleze mume wangu. Yote mawili sikuyafuata.

Haikupita miezi mingi nikaanza kujisikia mke tena. Mume wangu alibadilika usoni. Akipanda kutoka Ndungu ananiletea kitenge, ananitania mbele ya watoto mpaka naona aibu, anaosha tangawizi huku anapiga mluzi. Siku moja tukiwa shambani aliniambia, "Nilidhani umenichoka. Nilishaanza kuzoea." Nilipaswa kumwambia ukweli palepale. Badala yake niliingiwa na hofu. Je, dawa ikiacha kufanya kazi? Nikaanza kuongeza, mara mbili, baadaye mara tatu ya nilivyoambiwa. Ilipoisha kabla ya wakati nikaagiza nyingine kwa mtu, na tarehe ya daktari nikaiacha ipite.

Zilianza chunusi, kisha nywele kidevuni ambazo nilizing'oa kwa kujificha. Halafu ikawa sauti. Nimeimba sauti ya kwanza tangu nilipopata kipaimara. Jumapili moja ilinikatikia katikati ya wimbo, na kila wiki ikazidi kuwa nzito. Mwalimu wa kwaya akanihamishia sauti ya pili, na mwishowe akaniomba kwa heshima nipumzike kwanza. Mume wangu akadhani ni kifua. Kila asubuhi alinichemshia tangawizi, akatia asali na limau, akasimama pale mpaka nimalize kikombe. Nilikunywa, huku najua ni ile jeli.

Mwezi uliopita binti yetu mkubwa alikuja likizo. Baba yake alikuwa anatafuta uzi kwenye droo ya cherehani yangu, akakuta boksi la dawa, akampa binti amsomee. Mimi naingia na kuni nikawakuta wamesimama. Binti alinitazama, akasema taratibu, "Baba, hii ni homoni ya kiume." Baba yake akamwomba atupishe. Nikamweleza yote, sikubakisha. Hakupaza sauti. Aliniuliza tu, "Kwa hiyo miezi yote hii nilikuwa nalala na wewe, au na dawa?" Nikamwambia ni mimi, dawa ilinirudishia tu kile upasuaji ulichoniondolea. Akasema, "Hata sauti yako siijui tena. Hayo mengine nitayajuaje?" Kesho yake alipanda bodaboda akashuka Ndungu, na mpaka leo analala kwenye kibanda cha shambani.

Nilirudi kwa daktari nikaungama. Amenisimamishia dawa. Anasema ngozi itatulia, ila sauti huenda isirudi. Damu ikikaa sawa naweza kuanza tena kwa kile kiasi kidogo cha mwanzo, nikipenda, na safari hii anataka twende wote wawili. Nilimfuata mume wangu Ndungu kumpa habari hiyo. Alinipa kiti, akanipakulia chakula, akanisikiliza hadi mwisho. Kwenda kwa daktari hataki. Atarudi nyumbani nikimwahidi kwamba sitaigusa ile dawa maisha yangu yote. "Bora unikatae mwenyewe kuliko unitake kwa dawa," alisema, na machozi yalikuwa yanamtoka. Sijawahi kumwona akilia, hata siku tuliyomzika mama yake.

Sasa sijui nishike lipi. Nikiahidi, anarudi kwa mwanamke anayempenda lakini hamtamani, na safari hii atakuwa anajua. Nikikataa, ataamini alichokuwa analala nacho kweli ilikuwa dawa. Wanaume mliomo humu, niambieni bila kunionea huruma, ingekuwa ni wewe ungeweza kunielewa? Na kina mama mliotolewa kizazi kama mimi, waume zenu mliwaambiaje? Msinicheke. Jumamosi anapanda kuja kuchukua jibu langu, na mimi jibu sina. Nimwambie nini?