Bei Moja kwa Kila Gari

Hasira yangu ya kwanza ni juu yangu mwenyewe. Barabara ya kutoka kwetu Kagerankanda hadi njia kuu ya Kasulu tuliilima kwa msaragambo, jasho letu wenyewe, kisha tukaweka kizuizi ili magari ya biashara yachangie matengenezo. Mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti wa kamati. Nilipoulizwa tutoze vipi, nikasema: bei moja kwa kila gari.

Nilikuwa na sababu. Huku kwetu waliotoka Burundi walitozwa zaidi kila mahali, hata baada ya kupata uraia: meza ya sokoni, shamba la kukodi. Nilichoka kusikia "huyu wa kuja". Nikaamini bei moja itaua ubaguzi.

Jirani yangu, mmoja wa hao waliotoka Burundi, alikuwa na kirikuu, kigari kidogo cha kubebea akina mama maharage yao. Akasimama mkutanoni.

"Mzee, mimi nabeba magunia machache. Lile la tairi kumi linabeba ghala zima, na ndilo linalochimba barabara. Tutozwe kwa uzito."

"Tukikupunguzia wewe, watasema tunawapendelea Warundi," nikamjibu. "Hapa wote sawa."

Watu wakapiga makofi. Tajiri mwenye hayo malori ya tairi kumi alipiga kuliko wote, nami mjinga nikadhani ananipongeza.

Mvua zikaja. Malori yake yakavunja kalavati na kuacha mahandaki. Kirikuu kikawa kinakatika springi humo humo, na kilichobaki cha nauli kikaliwa na kizuizi. Jirani akakiuza.

Nikarudi kwenye kamati nikifoka: tutoze kwa uzito! Mwenye malori akacheka.

"Mzee wetu, si wewe uliyesema wote sawa? Au leo unabagua matajiri?"

Wajumbe nao wakacheka, walewale wanaopanda malori yake bure kwenda Kasulu. Hakuna aliyeniunga mkono.

Juzi asubuhi nilikuwa pale kwenye kizuizi nilipomwona jirani akisukuma baiskeli yenye gunia la maharage, matope hadi magotini. Nikakimbilia kamba ya kuinulia mti uliofunga njia.

"Mwakeye, mzee," akanisalimu. "Usijisumbue. Baiskeli inapita pembeni."

Akapita pembeni, hakugeuka. Nyuma yake lori la tairi kumi likapiga honi, likapiga tena, dereva akitoa kichwa na kunitukana. Kamba ilikuwa mkononi mwangu. Sikuivuta.