Kilemba Kilichorudi Safi

Kila Ijumaa asubuhi Ngendo alifua vilemba vya nyumba yake, na kazi hiyo ilikuwa imemfundisha kusoma watu wake vizuri kuliko lile darasa la ngumbaru, la watu wazima, alilohudhuria miezi minane. Ngumbaru aliacha alipoweza kuandika jina lake na kusoma polepole, kidole kikifuata herufi. Vilemba hakuacha. Cha mumewe Gatimu kilikuwa na mstari wa jasho mbele, pale alipopitisha mkono kila alipomaliza kupiga ngoma kanisani. Chake mwenyewe kilinuka moshi. Na cha Murugi, mtoto wao wa pekee, kilikuwa na doa la wino karibu na sikio la kulia, kwa sababu tangu darasa la nne Murugi alichomeka kalamu hapo akiwa anafikiri.

Walikuwa watu wa kanisa la vilemba vyeupe, Wakorino kama majirani wao wa kijiji cha Gatitu walivyowaita. Mtu wa kanisa lao hakuvua kilemba mbele ya watu, na siku zile wazee wao hawakutaka dawa ya hospitali. Mgonjwa aliombewa, mikono juu, mpaka apone au Mungu amchukue.

Mwaka huo, sabini na nane, matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yalipotoka na Murugi akafaulu, Ngendo aliona jambo kwenye beseni. Kilemba cha binti yake kilirudi safi. Hakukuwa na wino wala vumbi la barabara ya Nyeri, ambako Murugi alikwenda karibu kila siku, ati kusoma maktaba. Tena kilikuwa na mikunjo, minne, kama ya leso. Watu wa kilemba hawakunji hivyo. Kilemba huviringishwa kikaze, kuanzia ncha moja hadi nyingine, kisikunjamane. Aliyekikunja mara nne alitaka kiingie mahali padogo, mathalani kwenye mkoba.

Ngendo alikifua hivyo hivyo kilivyokuwa safi, akakitia bluu, akakianika. Wiki iliyofuata kikarudi na mikunjo minne. Na iliyofuata.

Hakumwambia mtu. Alimtazama tu binti yake akila, akikama ng'ombe, akisimama kanisani na mikono juu kama wengine wote, macho yamefunguka kidogo. Alijiuliza kama ni mvulana. Baadaye akaomba iwe ni mvulana, maana jambo la mvulana lina njia zake.

Alhamisi moja jirani yake Watiri, mwimbaji wa kanisani, alikuja kuazima ungo, na kama kawaida yake ungo ukangoja.

"Mama Murugi, jana nilipeleka kabeji Nyeri. Nikapita kwa Dawud, yule Mwislamu wa picha. Kwenye kioo chake cha mbele kuna msichana anafanana na Murugi wako kama pacha."

"Ati anafanana?"

"Macho, pua, hata ule mwanya. Lakini kichwa wazi, nywele imechanwa ikasimama hivi." Watiri alionyesha kwa mikono yote miwili. "Nikasema, si yeye. Mungu naye ako na sura chache, zikiisha anarudia."

Alicheka, na Ngendo akacheka naye, akishikilia ungo.

"Jumamosi tunaenda soko na wamama wa kwaya," Watiri akasema. "Nitawaonyesha wote. Na mwambie Baba Murugi apite aone, atashangaa."

Ijumaa hiyo, kwa mara ya kwanza, nguo hazikufuliwa. Ngendo alimwambia Gatimu chumvi imekwisha, akashika barabara kwa miguu. Njia nzima aliwaza mambo mawili, na hakujua lipi lilimtisha zaidi. Wazee wakiiona picha, Murugi angesimamishwa mbele ya kanisa aulizwe, na baba yake, aliyepiga ngoma hapo miaka ishirini, angeketi na ngoma yake akisikiliza. Hilo la kwanza. La pili lilikuwa kwamba akiulizwa, Murugi hangedanganya. Alimjua. Angesema kitu ambacho hakiwezi kurudishwa mdomoni.

Picha ilikuwa pale pale, katikati ya kioo, kubwa kama sahani. Ngendo alisimama akaitazama kwa muda mrefu kuliko alivyokusudia. Murugi alikuwa na kichwa kizuri. Mama mtu hakuwa amekiona mchana peupe tangu mtoto alipokuwa na miaka mitano.

"Karibu, mama," Dawud aliita kutoka ndani. Alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia iliyodariziwa kwa mkono, mzaliwa wa Majengo pale pale Nyeri. "Unataka ya kitambulisho ama ya kufurahia?"

"Sitaki kupigwa. Nataka ile."

"Ile si ya kuuza. Ile ni ya kuvuta watu. Tangu niiweke, wasichana wanaingia hapa wakisema, nipige kama yule."

"Yule ni mtoto yangu."

Dawud aliangalia kilemba cha Ngendo, akaangalia picha, akarudi kwenye kilemba.

"Aliniambia mama yake anajua," akasema pole pole.

"Anajua. Sasa anajua."

Mzee alivuta kiti akampa. Akaeleza kwamba msichana alikuja kwa picha ndogo za fomu ya chuo cha manesi, na kwamba fomu ilitaka kichwa wazi. Alisimama mbele ya kioo cha kujitazamia muda mrefu, mpaka mteja mwingine akalalamika. Kisha akafungua kilemba bila haraka na kukikunja.

"Mara nne," Ngendo akasema.

"Mara nne, ndiyo. Akakiweka kwa mkoba. Nikaona uso umekaa vizuri, nikapiga moja ya ziada, yangu. Hilo ni kosa langu, mama. Sikufikiri." Alikwenda kuitoa kwenye kioo. "Mimi pia niko na mabinti. Chukua."

Fomu ilieleza siku moja. Haikueleza wiki sita za kilemba safi. Ngendo alijua hivyo hata alipokuwa akishukuru.

Gazeti la kuifungia picha lilikuwa jembamba, na barabara ilikuwa na watu wa kanisa. Aliomba ruhusa, akaingia nyuma ya pazia lililochorwa ziwa na maua, akafungua kilemba chake, akaiweka picha kichwani na kufunga tena juu yake. Ilikuwa mara ya pili maishani mwake kuvua kilemba nje ya nyumba yake. Ya kwanza hakuwahi kumwambia mtu.

Alimkuta Murugi jikoni akimenya viazi. Gatimu alikuwa shambani. Ngendo aliketi kwenye kigoda, akafungua kilemba, akatoa picha. Ilikuwa imepinda, imechukua umbo la kichwa chake.

Murugi aliweka kisu chini.

"Lete hiyo fomu," mama yake akasema.

Ililetwa kutoka chini ya godoro. Ngendo aliisoma yote, kidole kikishuka mstari kwa mstari, na mengi ilibidi aulize. Jina. Mwaka wa kuzaliwa. Shule. Palikuwa pamejaa kwa mwandiko mzuri, ila mahali pawili. Mwisho kabisa, sahihi ya mzazi. Na huku juu, neno moja likifuatwa na mstari mtupu.

"Hapa umeruka."

"Sikuruka, maitu," akamwambia mama yake.

"Panasema nini?"

"Dini."

Viazi viliachwa majini. Mama na binti walitazama mstari ule kana kwamba ungejijaza wenyewe.

"Sijui niandike nini," Murugi akasema. "Nikiandika kanisa letu, nitakuwa nimedanganya. Nikiandika lingine, pia. Nimejaribu kuomba kama nyinyi. Nainua mikono, naisikia ikichoka tu. Tangu mwaka jana." Alikuwa akisema kama mtu aliyejisomea maneno hayo mara nyingi peke yake. "Sikutaka mjue. Baba atafanya nini na ngoma yake?"

Ngendo alikuwa na maneno ya kumkemea, nayo yalifika mpaka kooni. Aliona angeyasema kwa mdomo ule ule uliowahi kudanganya. Basi akasema yale mengine.

"Ulipokuwa na miaka miwili kifua kilikushika. Tulikuombea siku tatu. Siku ya nne ukaacha kulia, na hapo ndipo nilipoogopa. Nikamwambia baba yako nakupeleka kwa dada yangu Kangari, upate hewa nyingine. Sikwenda Kangari. Nilikwenda hospitali ya misheni."

Murugi alisogea karibu.

"Njiani nikavua kilemba, nisijulikane. Nesi akaandika kadi. Akauliza jina, akauliza dini. Nikaona nikisema ukweli habari itafika nyumbani kabla yangu. Nikasema, Mkatoliki."

"Mimi?"

"Siku nne. Ulikuwa Mkatoliki mzuri, ulinyamaza kila padri alipopita."

Murugi alicheka ghafla, kisha akajifunika mdomo.

"Walikudunga sindano mara nyingi, ukapona. Jumapili nikasimama kanisani nikashukuru. Sikusema umeponaje. Wakaimba kwa furaha, na baba yako akapiga ngoma mpaka ngozi ikalegea. Tangu siku hiyo, kila nikiinua mikono, ile kadi iko." Alisukuma fomu kwenye mapaja ya binti yake. "Mimi naamini bado, Murugi. Usifikiri sivyo. Lakini usiandike uongo kwa karatasi. Nimeishi na wangu miaka kumi na saba. Kama hujui, acha wazi."

"Wakiikataa?"

"Wakiikataa utarudi umenye viazi."

Ilibaki sahihi. Fomu ilitakiwa chuoni Jumatatu. Ngendo alimwendea Gatimu nyuma ya nyumba, alipokuwa ameweka ngoma juani ngozi ikaze. Alimweleza kuhusu chuo. Kuhusu mikono iliyochoka hakusema. Hilo lilikuwa la Murugi kulisema, siku yake ikifika.

"Chuo cha nini?"

"Cha manesi."

"Atakuwa anawapa watu dawa."

"Atawapa."

Gatimu aligonga ngoma kwa kidole, akasikiliza, akaisogeza juani zaidi.

"Mwaka ule mtoto alipougua," akasema, "ukaenda Kangari."

Ngendo alishika ukuta.

"Siku ya pili dada yako alikuja hapa kutusalimu. Alileta mkungu wa ndizi." Hakumtazama mkewe. "Nilimwambia umekwenda kwa shangazi."

Kuku walipita kati yao, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyewafukuza.

"Ulikula zile ndizi," Ngendo akasema hatimaye.

"Nilizila zote. Sikutaka uulize zimetoka wapi." Aligonga tena. "Mimi sitaweka mkono kwa hiyo karatasi, Mama Murugi. Wazee wakiniuliza nataka kusema sikuweka, na iwe kweli. Lakini wewe umejua kuandika."

Ngendo alirudi jikoni. Alipangusa mkono kwa leso, akaandika jina lake mahali pa mzazi, herufi moja moja, akitoa ulimi kidogo kama walivyofanya wote kule ngumbaru. Mstari wa juu ulibaki mtupu.

Jumamosi Watiri alirudi kutoka Nyeri akinung'unika kwamba Dawud ameweka picha ya maharusi, na wamama wa kwaya wamemwita mwongo.

Chuo hakikuuliza kitu. Mwezi wa tisa Murugi alifunga sanduku. Asubuhi ya kuondoka alivaa kilemba, kwa sababu baba yake alitaka kumwombea mlangoni, naye akainama akaombewa mpaka mwisho. Ngendo alimsindikiza kuelekea kituo cha Gatitu. Kabla ya kona, pale ambapo nyumba yao haionekani tena, alisimama.

"Mimi nitarudia hapa," akasema.

"Bado hatujafika, maitu."

"Najua. Nenda."

Aligeuka haraka, akarudi bila kuangalia nyuma, asije akaona kilemba kilifanywa nini baada ya kona. Lililo hakika ni kwamba Ijumaa iliyofuata kulikuwa na vilemba viwili kwenye beseni, na kazi ikaisha mapema, na hakujua afanye nini na asubuhi iliyobaki.

Barua ilikuja baada ya wiki tatu. Gatimu aliketi mlangoni na ngoma yake, akijifanya anakaza kamba, huku Ngendo akisoma kwa sauti, kidole kikifuata. Murugi aliandika kwamba chakula ni kingi lakini hakina ladha, kwamba wanalala wanne chumbani, kwamba bado hajui. Hilo la mwisho Ngendo alilisoma kimoyomoyo.

Kisha akaendelea: "Siku ya kwanza tumefundishwa kuviringisha bendeji. Wengine zao zililegea na kukunjamana. Yangu ilitoka imekaza kutoka ncha hadi ncha. Sista aliiinua darasa lote lione, akaniuliza nimejifunza wapi. Nimemwambia, nyumbani."

Kidole cha Ngendo kilibaki juu ya neno la mwisho.

"Hapo mwisho amesema nini?" Gatimu akauliza.

"Nyumbani."

"Soma tena."

Akarudisha kidole mwanzo wa mstari, akasoma tena.