Mbiu ya Kaniki

Mume wangu, Fakihi Likwata, alikuwa mwoga. Nasema wazi, na angekuwepo hapa asingebisha. Alikuwa mpiga mbiu wa Kivinje, pembe mkononi, hana bwana wala ofisi: leo anamtangazia mwenye duka mchele mpya, kesho anatangaza msiba, keshokutwa harusi. Sauti yake ilifika mpaka mikokoni, lakini akiona nyoka ananiita mimi.

Wapiga mbiu walikuwa na umoja wao. Kivinje yeye, Pande Tawakali, kule juu Njinjo Damiani. Mmoja akiugua, wenzake wanamlishia watoto. Mwenzako akikuletea mbiu humhoji. Unaipokea na kuitangaza kama yako. Ila ikibainika ni ya uongo, aliyeianzisha sharti aifuate kwa miguu yake mpaka ilikoishia, akaikane mbele ya watu.

Basi wakati wa vita vya pili vya Wazungu nguo ziliadimika, watu wakavaa magunia. Akaja wakala mmoja wa mashamba ya mkonge, simjui kwao wala sitaki kumjua. Akamwambia Fakihi atangaze kwamba kaniki zimefika, kila kijana aje mwenyewe uwanjani achukue yake. Fakihi akapiga pembe kwa furaha, hata mimi nikachekelea. Damiani akaipokea mbiu kule Njinjo, vijana wakateremka wakiimba. Uwanjani hapakuwa na kaniki hata kipande. Palikuwa na lori na wanyapara wenye marungu. Wakapakiwa, wakapelekwa kuwa manamba, vibarua wa kukata mkonge.

Haukupita muda tukaletewa habari: watu wa Njinjo wamemfunga Damiani kwenye nguzo, na mwenye mbiu asipokwenda kuikana, watammaliza huyo huyo Damiani.

Fakihi akaingia uvunguni. Wallahi, uvunguni, mtu mzima na ndevu zake!

"Mama Adija, wataniua."

"Kwa hiyo roho yako ndiyo roho, ya Damiani si roho?" Nilimfokea.

Tawakali akafika kutoka Pande, midomo imemkauka. Akachutama, akachungulia chini ya kitanda.

"Fakihi, toka ndugu yangu. Mimi nami naogopa. Twende tukaogope pamoja."

Nilifuatana nao, maana nilijua mume wangu angegeuka kwenye kona ya kwanza. Njiani tuliwasalimu watu mashambani, hawakuitikia. Walisimama tu na majembe yao wakitutazama. Fakihi akanishika mkono hadharani, na siku hiyo sikuona haya.

Njinjo tulimkuta Damiani nguzoni, uso umevimba, yu hai. Wanaume walikuwa na mapanga. Fakihi akapuliza pembe, haikulia. Akaiacha, akapiga kelele, "Mbiu ile ni yangu! Ni ya uongo! Damiani hana kosa!"

Wakatuzunguka. Tawakali akasimama kushoto kwake, mimi kulia, nikaanza kupiga shahada. Ndipo akapenya mama mmoja aitwaye Genoveva, ambaye mwanawe wa pekee alichukuliwa na lile lori.

"Mfungueni huyo," akasema, na Damiani akafunguliwa.

Kisha akamkamata Fakihi kifundo cha mkono, akamburuta mpaka mwisho wa kijiji, panapoanza njia ya kuteremkia pwani. Hakuna aliyemzuia. Nikajua anakwenda kuuawa huko, nikawafuata mbio.

"Ulimwita mwanangu akaja," Genoveva akamwambia. "Hakukawia hata kidogo. Sasa mwite arudi. Anaitwa Leonadi."

Fakihi akanitazama. Sijapata kumwona ameogopa vile, hata uvunguni. Akainua pembe, safari hii ikalia.

"Leonadi ee! Leonadi! Mama yako anakuita!"

Yule mama akainua kidole tunyamaze, akaitegea sikio ile njia tupu. Akangoja.

"Ongeza sauti," akamwambia. "Hajasikia."