Tulivyoshuka Milepa Kuhesabu Watoto

Nisingekanyaga Milepa kama siyo Nestori. Huyu ni mshikaji wangu wa Majengo, tunauza wote mitumba tangu biashara ziwe ruksa, na wote tumeishia darasa la saba. Ila mwenzangu ana kichwa. Kitabu cha takwimu alikiokoa kwa mama muuza vitumbua aliyekuwa anakichana kufungia, akakisoma mpaka kikamwingia. Basi akaja mtafiti wa chuo kikuu, anachunguza homa zinazoua watoto kule bondeni Milepa. Akamwambia Nestori: fanya kazi vizuri, nitakuandikia barua, idara yetu Dar ikuchukue ujifunze utafiti. Mimi nimwache ndugu yangu peke yake na mtu wa viatu vyeupe? Nikajitolea kubeba maboksi ya fomu.

Saa kumi na mbili asubuhi tukaondoka Sumbawanga na gari la chuo, baridi inakata masikio. Njia nzima mtafiti anatufundisha namna ya kuongea na "wanakijiji". Sisi! Bibi yake Nestori analima ulezi kijijini Mollo. Nikanyamaza, na mjue kunyamaza kwangu ni ugonjwa.

Tulipoanza kuteremka bondeni tukavua makoti. Saa nne tuko Milepa, jua kama limeshushwa kwa kamba.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Wasukuma, wafugaji waliohamia. Mtafiti hata kigoda alichopewa hakukalia.

"Mama, watoto wangapi?"

"Huyu hapa, Kulwa."

"Waliokufa?"

Mama akageuka kuangalia ng'ombe. Mtafiti akaandika mmoja, akaandika hakuna, huyo nyumba ya pili. Ndiyo usomi!

Nestori akabaki. Akaamkia, akapokea maziwa, akakaa chini. Jamani, nani asiyejua kwamba kwa Wasukuma Kulwa ni pacha, na pacha mwenzake ni Doto?

"Mama, na Doto je?"

Mama akaacha kuangalia ng'ombe. "Alituacha masika. Homa, siku mbili tu. Nyie mnasimama mlangoni kama watoza kodi, niwaambie nini?"

Jioni, kwenye baraza ya zahanati, Nestori akaomba nyumba zote zirudiwe, safari hii watu wakae.

"Bwana mdogo, dodoso limepitishwa na maprofesa. Weka saini hapo kwamba hesabu ni sahihi, barua yako nitaiandika leo leo."

"Siweki, daktari. Doto hayumo."

Hapo nikalipuka. "Mnadani hata ng'ombe anafunuliwa mdomo, akaangaliwa meno! Wewe mtoto wa mtu umemmaliza kwa dakika mbili?"

"Kaka, tulia," Nestori akanivuta shati. Barua ile alikuwa anaitaka kuliko kitu chochote.

Asubuhi gari likaondoka bila sisi. Nestori akaomba daftari kwa muuguzi, akazirudia nyumba zote kwa siku tatu, kila moja anakaa, anakunywa wanachompa, ndiyo anauliza. Mwisho akamrudishia muuguzi daftari lake. Dada wa watu akasoma majina, akafika kwa Doto, akasimama.

"Huyu sikuwahi kuambiwa," akasema. Na nyumba yenyewe inaonekana pale dirishani pa zahanati.

Tukapanda milima ya Ufipa kurudi Sumbawanga, juu ya lori la mpunga. Barua hakuna, Dar hakuna. Nilichojifunza ni kwamba mtu anaweza kuitwa bingwa wa homa za watoto na asijue kukaa kwenye kigoda. Nestori nilimuuliza kama anajuta.

"Najuta sana," akasema. "Ila nisingeweka saini."