Hakuna Aliyempokea Kibet

Msimamizi wa ukurasa, nakuomba ulifiche jina langu pamoja na jina la nyumba ninamofanya kazi. Mimi ni mama wa miaka sitini na saba, mjane, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Ninaishi Langas, hapa Eldoret. Tangu nistaafu nimekuwa mlezi katika nyumba inayowahifadhi wasichana waliopata mimba wakiwa wangali shuleni. Hujifungulia hospitalini, hurudi kwetu, nasi huwafundisha kulea na kushona. Mtoto akitimiza mwaka mmoja, mama na mtoto huondoka. Siilaumu kanuni hiyo, kwa maana wapo wengine wanaolala sakafuni wakingoja kitanda.

Najua wengi wenu ni vijana na hamna subira na maandishi marefu. Nisomeni hadi mwisho hata hivyo.

Kuna msichana nitakayemwita Sharon, ingawa hilo si jina lake. Ana miaka kumi na sita. Aliyempa mimba ni fundi aliyekwenda kwao Chepsaita kujenga ghala la mahindi. Kazi ilipokwisha alitoweka, na polisi hawajampata mpaka leo. Baba yake Sharon, ambaye ni mzee wa kanisa, alimleta langoni kwetu na hakushuka garini. Mtoto alipozaliwa hapakuwa na nyanya wa kumpa jina, basi mpishi wetu akasema, "Huyu ni Kibet, amekuja jua likiwa juu." Jina likabaki. Sasa Kibet ana miezi kumi na mmoja.

Kabla msichana hajaondoka, sisi humpeleka kwao siku moja ili tuone atakavyopokelewa. Sharon alipojiandaa kwa safari hiyo, alimvisha mtoto soksi nyeupe na kumpaka mafuta mpaka wenzake wakamcheka.

"Sharo, umempaka hadi atakuponyoka!"

"Acha aponyoke," akajibu. "Shosho yake kule nyumbani atamdaka."

Tulipokelewa vizuri. Mama yake alimkumbatia akilia. Kuku alikuwa amechinjwa, mursik, maziwa yetu ya kibuyu, ilikuwa mezani, na sare ya shule ilikuwa imepigwa pasi na kutundikwa ukutani. Shangazi wawili walikuja, na wadogo zake wakamzunguka. Sasa, nyinyi mnaijua desturi yetu. Mwanamke akiingia na mtoto mgongoni, hata kabla hajaulizwa habari, mtoto huwa amekwisha kuchukuliwa na mikono mingine, naye hukaa akapumua. Siku hiyo mikono hiyo haikutokea. Walimkumbatia Sharon kwa upande, wakijihadhari mtoto asiwaguse. Sharon alipokula, nilimshika Kibet mimi. Nilipokula mimi, alimshika yeye. Hakuna aliyeuliza anaitwa nani.

Baada ya chai, baba yake alizungumza.

"Mwalimu, asante kwa kazi yenyu. Mtoto wetu tumemsamehe. Shule ikifunguliwa, arudi hapa, asome."

"Na Kibet, Mzee?"

"Nani?"

"Mjukuu wako."

"Huyo si wa hapa. Si serikali iko na nyumba ya watoto kama hao? Mimi niko na wasichana wengine watatu, Mwalimu. Wakiona huyu analelewa hapa, watasema nini?"

"Watasema ana babu."

Alicheka kidogo, akasimama. "Mwalimu ni mwalimu tu," alisema, akatoka. Mama yake Sharon aliendelea kukusanya vikombe. "Mzee ameongea," aliniambia.

Ndiye aliyetusindikiza hadi langoni. Soksi moja ya Kibet ilikuwa karibu kumtoka mguuni. Aliivuta, akaiweka sawa, akatazama nyuma, kisha akarudi ndani kwa haraka.

Tulipofika barabarani, Sharon aliniuliza, "Mwalimu, umeona venye hawajamshika?" Nilimwambia nimeona. Hakulia.

Nilimwomba mkurugenzi wetu aniruhusu nimchukue mtoto. Alisema, "Mwalimu, ukimchukua mmoja, kesho watakuletea kumi. Na akianza kukimbia, utamfuata na mkongojo?" Hakunidhihaki. Magoti yangu yamekwisha, na kanuni inatukataza sisi wafanyakazi kuchukua watoto. Sharon akiondoka naye, hana kwa kwenda ila kupanga chumba hapa Langas na kufua nguo za watu. Nimewaona walioondoka hivyo. Wawili wamekwisha kurudi langoni petu na mimba ya pili. Akirudi kwao peke yake atasoma, na Kibet atapelekwa kwenye makao ya watoto wasio na mtu, ilhali ana watu wengi.

Tangu ziara ile, Sharon amebadilika. Hamnyonyeshi tena. Huwapa wenzake kikombe wamnyweshe uji, naye huketi mbali. Mtoto akimnyooshea mikono, huinuka akaondoka. Nilidhani amechoka naye, nikamkaripia. Alinijibu kwa upole, "Simchukii, Mwalimu. Nataka tu azoee, ndio siku hiyo asinililie."

Jana Kibet alianguka karibu na kamba za nguo. Sharon alikuwa pale pale, ameshika nepi mbichi. Mtoto alilia, akamtazama mama yake, kisha akatambaa akampita, akaenda kwa mpishi. Sharon alinigeukia akitabasamu. "Umeona? Ameshajua," akasema, akaanika nepi.

Baba yake atakuja Jumamosi kumchukua. Sharon ameniambia mimi ndiye nitakayeamua: nikisema aende, ataenda, nikisema abaki na mtoto wake, atabaki naye hata wakilala njaa. Nimefundisha watoto wa watu maisha yangu yote, na jibu la swali hili silijui. Nyinyi mlio wazazi, na nyinyi mliowahi kuachwa mkiwa wadogo, niambieni kabla ya siku hiyo: gari litakaposimama langoni, nimwambie Sharon nini?