Mama Aliyenusa Kila Jerikeni

Aliyeniletea habari kwamba yule mama wa maziwa amefariki alikuwa mpinzani wake wa sokoni, kwa hiyo sikuamini. Hapa Garissa, ukikosa kuonekana sokoni siku mbili, washindani hukuzika kwa mdomo ili warithi wateja wako. Nilimshukuru mleta habari, nikajilaza tena mkekani. Nilipopita sokoni baadaye na kukuta jerikeni zake zimepinduliwa midomo chini, na hakuna aliyethubutu kukaa mahali pake, ndipo nikajua ni kweli, tena ameshazikwa. Sidhani angenilaumu. Hata yeye asingeamini.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua mimi si mtu wa safari. Baba alihamishiwa huku kikazi, akamaliza, akarudi kwao bara. Mimi nikabaki hapa mtaani Waberi kwa sababu kufunga mizigo kulinichosha. Nilinunua kigari kikuukuu cha mizigo nikidhani kitanifanyia kazi nikiwa nimelala. Kila dereva aliyekitazama alikumbuka ana shughuli kwingine, nikajikuta mimi mwenyewe kila asubuhi nikimpeleka mama huyo kando ya barabara, wanakoleta maziwa ya ngamia wanawake wa wafugaji. Aliniita walaal, yaani ndugu, na hakuniamini hata kidogo. Alinusa kila jerikeni kabla ya kununua, kisha akainusa tena tukifika mjini, asije mtu akawa ametia maji njiani. Njiani tulikuwa mimi na yeye tu.

Huku kwetu jerikeni hufukizwa kwa moshi wa kuni ili maziwa yakae, kwa hiyo harufu ya moshi haimshtui mtu. Lakini wateja walianza kulalamika kwamba maziwa yananuka kuungua vibaya, kama nguo iliyosahauliwa chini ya pasi. Mama akanusa, akahukumu. Mshukiwa alikuwa mjane mmoja mwenye ngamia wachache. Mama alisema mjane huyo amefukiza kwa vipande vya mpira badala ya kuni. Kesho yake alimwambia hivyo mbele ya wanawake wote, akakataa maziwa yake. Wachuuzi wengine nao wakasikia, wakayakataa. Mjane yule, ambaye watoto wake walilishwa kwa pesa za maziwa hayo, akawa anarudi nyumbani na jerikeni zilizojaa.

Harufu haikwenda naye. Kila tulipopanda kutoka kwenye laga, ule mto mkavu wa mchanga, injini ilinguruma kwa hasira lakini gari halikuongeza mwendo. Nilidhani ni uzee, maana hata mimi naamka hivyo hivyo. Mama akanigeukia, akauliza kama navuta sigara kwa siri. Nikakana.

"Walaal, yule mjane hayuko, harufu iko," akasema. "Nani amebaki? Wewe na gari."

Tukaenda kwa fundi, ambaye naye alishukiwa kabla hajashika spana. Mama alisimama mlangoni asije akatuuzia vipuri vya ugonjwa usiokuwepo. Fundi akavuta breki ya mkono, akaweka gia ya tatu, akakanyaga mafuta kidogo na kuachilia klachi. Injini ilipaswa kuzimika. Ikaendelea kunguruma kama haijaambiwa kitu. Klachi ilikuwa imelika, inateleza na kuungua, na moshi wake ulipanda kupitia sakafu hadi kwenye vitambaa alivyofunikia jerikeni. Mama akatoa kitambaa kimoja, akakinusa, akakaa chini.

Gari lilipopona, nilitarajia amtumie mjane salamu za chinichini, kama tunavyofanya sote. Hapana. Aliniamuru nisimamishe gari palepale alipomshutumu, wanawake wakiwa wamejaa, wachuuzi wenzake wakisikiliza. Alimimina maziwa ya mjane yule, akanywa, akasema, "Nilikusema mbele ya hawa, na ninafuta mbele ya hawa. Harufu ilikuwa ya gari letu."

Mjane hakutabasamu. Alimjibu kwa Kisomali, akimwita abaayo, yaani dada, nami nikaelewa vizuri: "Abaayo, nitakuuzia. Lakini leo nitanusa mimi." Akaingiza kichwa ndani ya gari, akanusa viti, akaninusa na mimi, ndipo akapakia. Tangu siku hiyo hakuacha kunusa.

Siku hizi wote tunashukuana: muuzaji na mnunuzi, mwenyeji na mgeni, mwenye gari na fundi. Sisemi tuache; bila kushuku ningekuwa nimeshauziwa gari jingine bovu. Ila tunamchafua mtu sokoni, halafu tunamsafisha jikoni kwetu, kwa sauti ndogo, na kushangaa mbona mji bado unamkwepa.

Juzi, siku ya matanga, nilimkuta mjane yule barabarani na jerikeni zake. Alinusa gari, akapakia zote, akaniagiza nizipeleke nyumbani kwa marehemu, wapewe waombolezaji. Nilizifikisha bila kuzigusa. Nani angenusa safari hii? Hakuna. Hata hivyo niliendesha kana kwamba Mama bado amekaa kando yangu, ananitazama. Mwenye kushuku akijua kufuta mahali palepale alipoandika, watu humpelekea maziwa hata akiwa hayupo.