Arvilla Amerudi, Lakini Yupi?

Wiki iliyopita nilikwenda ofisi ya parokia, Mkolani, kufuata cheti changu cha ubatizo. Mbele yangu alikaa bibi mmoja Mjaluo wa Rorya, pamoja na binti yake aliyepakata kichanga.

"Mtoto anaitwa Arvilla," bibi alisema.

Katekista akaweka kalamu chini. "Hilo jina la wapi, bibi?"

"La ukoo. Kwetu mtoto akilia hutajiwa marehemu, na jina linalomnyamazisha ndilo la aliyerudi. Tulimtajia marehemu wetu wote, akalia tu. Tulipomtaja mama yangu, Arvilla, akanyamaza, akashika titi. Wenye jina hili hawataki kelele."

Katekista akapekua simu. "Mbona ni la Kimarekani? La zamani, na huko siku hizi halipewi mtoto."

Bibi akamtazama binti yake, kisha akanitazama mimi, kana kwamba ninajua. "Mama alipewa na nesi Mmarekani wa misheni. Lilikuwa la mama yake huyo nesi. Sasa aliyerudi hapa ni nani?"

Wiki nzima nimejiuliza, bado sijui. Ninachojua ni kwamba huko Marekani jina hilo walishalizika, na mimi Mkolani nimeliacha linanyonya.